Kijiji Kilichopewa Jina la Moto

Majina ya mahali pengi katika nchi ya Kenya yalitokana na maji, mlima, mti au mnyama. Jina la Nairobi lilitokana na maji baridi, na jina la Eldoret lilitokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Lakini katika barabara kuu itokayo Nakuru, kiasi cha kilomita 40 kabla ya kufika Eldoret, kuna kijiji cha biashara ambacho jina lake halikutokana na maji wala mnyama, bali lilitokana na moto. Kijiji hicho ni Burnt Forest, yaani Msitu Ulioungua.

Mgeni apitaye hapo kwa mara ya kwanza huchungulia dirishani akitafuta majivu. Haoni majivu. Huona viazi vilivyopangwa katika ndoo kando ya barabara, karoti zilizooshwa zikang'aa, kabeji kubwa kama vichwa vya ng'ombe, na wanawake wenye mashali mazito wakikimbilia magari yaliyosimama. Akiwauliza wenyeji moto uko wapi, huambiwa kwamba ni habari za zamani sana. Jawabu hilo ni la kweli, lakini si kweli yote.

Kijiji chenyewe si kikubwa. Kimejipanga pande mbili za barabara kama watu waliosimama kutazama arusi ikipita. Kuna maduka ya rejareja, mahoteli ya chai na mandazi, wauza mbolea na mbegu, mafundi wa pikipiki, makanisa, shule na soko. Mtu akitembea dakika chache tu kwa upande wo wote, amekwisha toka madukani na kuingia katika mashamba. Malori yaendayo Uganda hupita usiku na mchana, na wenyeji wamezoea ngurumo zake hata hawaamki tena.

Mahali hapa ni juu sana, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kaskazini kidogo tu ya mstari wa Ikweta. Mtu wa pwani aliyefundishwa shuleni kwamba penye Ikweta ndipo penye jua kali hushangaa sana akifika hapa asubuhi ya mwezi wa Julai. Hukuta ukungu umeifunika barabara hata magari yamewasha taa, watoto wanakwenda shule wakiwa na masweta mawili mawili, na pumzi za ng'ombe zinatoka kama moshi wa jikoni. Chai hapa si anasa, ni dawa.

Hapana mto mkubwa upitao kijijini, wala hapana mashua wala wavuvi. Lakini ye yote atakaye kuielewa nchi hii na ayafuate maji. Mvua inyeshayo katika nyanda hizi za juu hugawanyika. Vijito vya upande wa magharibi hujiunga na mito ya Uasin Gishu, mito hiyo huingia katika Nzoia, na Nzoia huingia katika Ziwa Victoria. Kutoka huko maji hufuatana na mto Nile hata nchi ya Misri. Upande wa mashariki, nchi hukatika ghafula katika ukingo mkubwa wa Keiyo, na maji huteremka mpaka mto Kerio, ambao huelekea kaskazini hata Ziwa Turkana. Maji yafikayo katika ziwa hilo hayatoki tena. Hukaushwa na jua la jangwa. Hivyo matone mawili yaliyotoka katika wingu moja yaweza kuachana hapa yasikutane tena kamwe. Watu wa hapa, ambao hawakutoka katika wingu moja, walijikuta wakikutana katika bonde moja wakanywa maji ya kijito kimoja.

Hapo kale nyanda hizi zilikuwa malisho. Mpaka leo yaonekana katika sehemu za Uasin Gishu mashimo makubwa ya mviringo ambayo wenyeji husema yalikuwa maboma ya Wasirikwa. Baadaye walikuja Wamaasai wa ukoo wa Uasin Gishu, ambao nchi ilipewa jina lao, nao wakashindwa katika vita na Wamaasai wenzao katika karne ya 19. Wanandi na Wakeiyo walichunga mifugo yao humu. Kisha likaja jambo ambalo wengi hawalijui: mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwaahidi viongozi wa Wayahudi wa Ulaya kuwa watu wao waweza kupewa makao katika nyanda hizi. Walituma wajumbe kuja kuitazama nchi, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu uliikataa ahadi ile. Wenyeji, waliokuwa wakichunga ng'ombe wao wakati huo wote, hawakuulizwa lo lote.

Mwaka 1908 ndipo walipokuja Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, jamaa zipatazo 47, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walishuka melini Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka Nakuru, na kutoka huko wakashika njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe. Waliondoka Nakuru mwezi wa Agosti, na ilikuwa mwezi wa Oktoba walipofika penye mlima wa Sergoit. Safari ambayo basi la leo huimaliza kwa saa chache iliwachukua zaidi ya miezi miwili, kwa kuwa magari yalizama katika matope ya msituni na miti ilikuwa haina budi kukatwa ili kupata njia. Hadithi isimuliwayo sana ni kwamba wasafiri wa miaka ile ya mwanzo walikuta hapa msitu uliokwisha kuungua, magogo yamesimama meusi juu ya majani mabichi, nao wakapaita hivyo. Jina likabaki.

Miti iliyoota katika misitu ya namna hii ni pamoja na mtarakwa. Mti huu wastahili kuelezwa. Mbao zake ni nyekundu na zina harufu nzuri, na hapo zamani zilipelekwa ng'ambo kutengenezwa kalamu za risasi. Mchwa hauli, na nguzo yake ikichimbiwa ardhini hukaa miaka mingi kuliko aliyeichimbia. Moto mkali huua mtarakwa mkubwa, lakini baada ya moto kupita na jua kufika chini, miche yake huota katika udongo ule ulioungua. Mkalenjin huuita tarakwet. Mkikuyu huuita mutarakwa. Mmaasai huuita oltarakwai. Mahali jirani na Burnt Forest paitwa Tarakwa, na hapana haja ya mkalimani kulieleza jina hilo kwa ye yote katika hao watatu. Watu wagombanao juu ya nani alitangulia kufika yafaa wakumbuke kwamba wote waliukuta mti huo, na wote wauita kwa jina moja.

Baada ya Makaburu walikuja Waingereza na walowezi wengine, na nchi ikakatwa mashamba makubwa ya ngano, mahindi, pareto, ng'ombe wa maziwa na kondoo. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, lakini haikupita kijijini. Ilizunguka kwa Ainabkoi na Kipkabus, baada ya kupanda mpaka kilele cha Timboroa, mita 2,785 juu ya bahari, mahali palipojulikana kuwa pa juu kupita pote palipofikiwa na reli katika nchi za Jumuiya ya Madola. Burnt Forest ikabaki kijiji cha barabara tu.

Katika mashamba hayo walifanya kazi Wanandi, Wakeiyo, Wakikuyu, Waluhya na wengineo. Wengi wao walikuwa maskwota: waliruhusiwa kujenga kibanda, kulima sehemu ndogo na kufuga wanyama wachache, kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba siku nyingi za mwaka. Mtoto aliyezaliwa huko alikijua kila kijito na kila njia ya paa, lakini hakuwa na haki hata ya ardhi ya kutosha kaburi lake. Ni lazima jambo hili likumbukwe na kila atakaye kufahamu kwa nini mtu wa hapa husema neno "shamba" kwa sauti tofauti na asemavyo mambo mengine.

Uhuru ulipokaribia, serikali ilianza mwaka 1962 mpango wa kununua ekari milioni moja za mashamba ya walowezi ili kuwagawia Waafrika. Wengine hawakungoja kugawiwa. Walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, wakaunda makampuni na vyama vya ushirika, wakanunua shamba zima la Mzungu, kisha wakaligawanya kwa hesabu ya hisa. Ndivyo walivyokuja kukaa pamoja watu wa makabila mbalimbali, ua kwa ua. Aliyeuza mbuzi wake wote ili kupata hisa moja aliona ya kuwa amenunua kwa haki. Aliyeamini kwamba malisho yale yalikuwa ya babu zake kabla ya Mzungu kuyachukua aliona ya kuwa kilichouzwa kilikuwa chake. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila mmoja aliwasimulia watoto wake hoja yake tu. Huko ndiko kuni zilikokuwa zikikaushwa.

Kazi ya kila siku, hata hivyo, haikujua kabila. Ng'ombe hukamuliwa kabla ya mapambazuko, na maziwa hupelekwa kwa punda, baiskeli au pikipiki mahali pa kukusanyia. Mahindi hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapoanza, na kwa sababu ya baridi hukaa shambani miezi mingi kuliko mahindi ya nchi za chini, hata mkulima huvuna karibu na mwisho wa mwaka. Viazi havina subira hiyo. Hukomaa baada ya miezi mitatu au minne, na ndivyo vinavyolipa karo ya shule. Mchuuzi hufika na lori lake na kudai gunia lijazwe mpaka juu na kuongezwa wavu kama kilemba, gunia ambalo wakulima huliita "mukorino". Kanuni za mwaka 2019 zilisema kwamba gunia la viazi lisipite kilo 50, lakini mkulima mwenye viazi vinavyoanza kuota na mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo hana nguvu nyingi za kubishana na mwenye lori. Mkalenjin na Mkikuyu huonewa na kilemba kile kile.

Moto wa pili uliwaka mwaka 1992, wakati wa uchaguzi wa vyama vingi. Nyumba nyingi za Burnt Forest na vijiji vya jirani zilichomwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbilia makanisani na mjini Eldoret. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Akiwumi mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila katika nchi, na taarifa yake ilitolewa hadharani mwaka 2002. Lakini taarifa haizimi moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ulirudi tena, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Barabara ilizibwa kwa mawe na magogo, nyumba ziliteketea, na kambi ya waliofukuzwa makwao ikatokea hapa hapa Burnt Forest, mahema meupe karibu na mashamba ambayo wenyewe walikuwa wakiyaona kwa macho lakini hawakuthubutu kuyakanyaga. Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan. Huku vijijini mapatano yalikuwa hayana karatasi, na yalichukua muda mrefu zaidi.

Kisa cha wanawake wawili wa sehemu hizi chaweza kuonyesha mapatano hayo yalivyokuwa. Wote wawili ni wazee sasa. Mmoja ni Mkikuyu na mwenzake ni Mkeiyo, na mashamba yao yametenganishwa na ua mmoja wa nguzo za mtarakwa. Kwa miaka mingi mmoja alimpa mwenziwe mbegu za viazi, naye akarudishiwa maziwa ya kibuyu, mursik, yaliyokuwa na majivu yake mazuri. Waliitana mama fulani na mama fulani kwa majina ya watoto wao wa kwanza, kama ilivyo desturi. Siku ile ya Januari 2008 nyumba ya Mkikuyu ilichomwa. Yeye alikimbia na wajukuu wawili, jembe moja na Biblia. Ng'ombe wake alibaki amefungwa.

Usiku ule jirani yake alivuka ua, akamfungua yule ng'ombe, akampeleka katika zizi lake mwenyewe. Haikuwa kazi ndogo, kwa maana wakati huo aliyeonekana akihifadhi mali ya "adui" alihesabiwa kuwa msaliti, na nyumba yake pia ingeweza kuchomwa. Walipomwuliza ng'ombe yule ametoka wapi, alisema amemnunua. Alimlisha na kumkamua miezi mingi, na ng'ombe akazaa.

Mwenyewe aliporudi katikati ya mwaka ule, hakuenda kwanza kutazama alipokuwa na nyumba. Alisimama penye ua. Jirani yake alitoka nje akiwa ameshika kamba mbili, moja ya ng'ombe na moja ya ndama. Hapana aliyesema neno jingine zaidi ya salamu. Kulikuwako jambo moja ambalo wote wawili walilijua: kijana wa nyumba ile iliyomficha ng'ombe alikuwa miongoni mwa vijana waliosimama barabarani siku ya moto. Mama yake hakumwombea radhi kwa maneno, na yule mwingine hakuuliza. Lakini ilipofika siku ya kujenga upya, kijana yule alikuja asubuhi na mapema, bila kuitwa, na shoka begani. Alikuja siku ya pili, na ya tatu, mpaka paa likaezekwa.

Walipokuwa wakisafisha kiwanja, waliona kwamba nguzo za mtarakwa za nyumba ya zamani zilikuwa zimeungua nje tu. Walipozichonga ule weusi, ndani mlikuwa mwekundu na mzima, na harufu yake ikatoka kama siku ile zilipokatwa. Zikatumiwa tena katika nyumba mpya. Zimesimama mpaka leo.

Kisa hicho hakifuti hesabu. Wako waliopoteza watu, wala ng'ombe na ndama wake hawawezi kuwa fidia ya mtu. Wako waliouza mashamba yao kwa bei ya chini wakaenda zao, wasitake kuliona tena jina la Burnt Forest hata katika kibao cha barabarani. Wako vijana wasiolijua jambo hili ila kwa kusikia, na vijana wa namna hiyo ndio wanaotafutwa na mwenye kutaka kuwasha moto, kwa sababu hawajapata kunusa harufu ya nyumba iliyoungua. Kila uchaguzi ukaribiapo, mama mwenye duka huanza kupunguza bidhaa, na mkulima huwaza kama apande au angoje. Hofu hiyo ni ushuru ambao hakuna serikali iliyoutoza, lakini kila mtu wa hapa huulipa.

Hata hivyo chaguzi za 2013, 2017 na 2022 zilipita, na Burnt Forest haikuteketea tena kama ilivyoteketea mwaka ule. Wenye kustahili sifa kwa jambo hilo si wakubwa peke yao. Ni wazee waliokaa katika mabaraza ya amani wakasikilizana hata yale yasiyopendeza kusikia. Ni wachungaji na walimu. Ni wanawake wa soko ambao hawakuacha kuuziana hata bei ilipokuwa mbaya. Na ni watu kama yule mama aliyevuka ua usiku. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini nyasi za Burnt Forest zimejifunza kushikamana mizizi.

Jioni, ukungu unaporudi kutoka upande wa Timboroa, moshi hupanda tena juu ya kijiji hiki. Hutoka jikoni, ambako viazi vinachemka na maziwa yamewekwa juu ya mafiga. Mgeni aliye ndani ya basi, akiuona moshi huo na kusoma jina katika kibao, huenda akadhani amepata jawabu la swali lake la asubuhi. Mwenyeji humwacha aendelee na safari yake. Yeye ana ng'ombe wa kukamua kabla ya giza, na ua wa kutengeneza, pamoja na jirani yake aliye upande wa pili, ambaye tayari ameshika ncha nyingine ya waya.